Asiyefunga ana +61, mfungaji bora ana −14: nani aanze?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha timu ya wasichana ya mpira wa kikapu hapa Lamu. Msimu huu tumecheza mechi 9, tano nyumbani na nne ugenini, na kijana wetu wa mezani ameandika kila sabu: dakika, matokeo, nani katoka na nani kaingia. Nimejumlisha plasi-minasi ya kila mmoja. Namba 7, mfungaji wetu wa pointi 17 kwa mechi, ametoka na −14. Namba 12, ambaye hata pointi 4 hafikishi, ana +61. Nikisema namba 12 aanze, wazazi wananicheka. Kwenye simu nimeona kuna vipimo vya wachezaji vya RAPM, BPM, EPM na vingine vingi. Kipi kitanipa jibu la haki? Nimekutumia picha za daftari.

JIBU: Marahaba, kocha. Picha zote nimezipitia, hata ule mstari wa mechi ya tatu uliosema "mchezo umesimama, punda". Mfikishie hongera zangu kijana wa mezani. Nimeona timu kubwa kuliko yenu zikiandika pointi na faulo tu, na pasipo sabu hesabu unayoitaka haifanyiki hata ukimleta nani.

Nianze na jibu lenyewe: namba 12 aanze. Ila ile +61 usiende nayo mbele ya wazazi, maana mzazi mmoja aliyesoma hesabu kidogo ataibomoa kabla chai haijapoa. Na hizo RAPM, BPM na EPM, hakuna hata moja unayoweza kuishusha Lamu kama ilivyo. Kuna wazo lililo chini ya zote, na hilo linafanyika kwa daftari lako, kalamu, na saa moja ya utulivu barazani.

Plasi-minasi ni pointi zenu kutoa pointi za wapinzani wakati mchezaji fulani yumo uwanjani. Ilianzia kwenye mpira wa magongo wa barafuni, ambako Montreal Canadiens waliitumia miaka ya 1950, na baadaye ikahamia kwenye kikapu. Ubaya wake ni kwamba haimpimi mchezaji, inawapima watu kumi kwa pamoja, kisha inamgawia kila mmoja jibu lile lile.

Ikumbuke mizani ya zamani ya vitanga viwili, kabla hazijaja hizi za betri. Weka samaki watano kitanga hiki na watano kile. Mizani itakwambia jambo moja tu: upande upi mzito, na kwa kiasi gani. Sasa ukiandika jibu hilo mgongoni mwa kila samaki wa upande mzito, changu mdogo aliyekaa na nguru watatu ataonekana nguru. Na mambo yakiwa kinyume, msemo wake tunao: nazi mbovu harabu ya nzima.

Utajuaje uzito wa changu ikiwa huruhusiwi kumpima peke yake? Unapima mara nyingi ukibadilisha samaki. Mara changu na tewa, mara changu bila tewa, mara tewa na kolekole. Kila upimaji ni mlinganyo mmoja, na kila samaki ni kisichojulikana kimoja. Milinganyo ikiwa mingi, hesabu inayoitwa rigresheni hutafuta uzito wa kila mmoja unaopatana vizuri zaidi na vipimo vyote kwa pamoja. Kwenye kikapu, kila kipande cha mechi baina ya sabu moja na inayofuata ni upimaji mmoja. Kazi imekwisha, unaweza kusema. Bado.

Wayne Winston, profesa wa Chuo Kikuu cha Indiana, aliwahi kumfundisha Mark Cuban. Cuban, mfanyabiashara, alipoinunua Dallas Mavericks, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Januari 2000, Winston na Jeff Sagarin waliitengenezea timu hiyo hesabu ya aina hii. Mwaka 2004 mwanauchumi Dan Rosenbaum akaiweka hadharani kila mtu aione. Ikaitwa plasi-minasi iliyorekebishwa, APM. Watu wakaifurahia, kisha wakaanza kukuna vichwa, kwa sababu kila msimu ilimtoa mchezaji wa benchi asiyejulikana akiwa juu ya majina makubwa, na msimu unaofuata yule yule yuko mkiani.

Chanzo ni samaki wasioachana. Kama changu na tewa huingia kitangani pamoja na kutoka pamoja, mizani haitajua kamwe uzito huu ni wa nani. Rigresheni ya kawaida haina aibu. Itampa mmoja +20 na mwenzake −18, na jumla itatoka sawa. Mwaka 2010 Joe Sill aliwasilisha dawa kwenye mkutano wa takwimu za michezo wa MIT Sloan: rigresheni ya riji, mbinu ambayo Hoerl na Kennard waliichapisha tangu 1970 kwa matatizo ya aina hiyo hiyo. Riji humwanzisha kila mchezaji kwenye sifuri na kumfunga kamba pale. Ushahidi ukiwa mwingi na wa upande mmoja, kamba inanyooka. Ukiwa mchache, anabaki karibu na sifuri. Sill hakuishia hapo: alificha sehemu ya mechi akaangalia ni hesabu ipi inayozitabiri vizuri zaidi. Mimi kipimo kisichojaribiwa hivyo sikisikilizi. Herufi R kwenye RAPM ndiyo hiyo kamba.

Sasa tuje kwako. NBA ina mechi 1,230 kwa msimu wa kawaida, na kila mechi ina mashambulio, yaani zamu za timu kuwa na mpira, kama 200 ukijumlisha timu zote mbili. Hiyo ni karibu laki mbili na nusu ya mashambulio, na bado wachambuzi hupenda kuunganisha misimu mitatu kabla ya kumwamini RAPM. Wewe una mechi 9. Nimehesabu kurasa zako mbili kwa mkono, nikapata kama mashambulio 140 kwa mechi ya dakika 40, timu zote mbili pamoja. Yote kwa yote ni mashambulio 1,260 hivi. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni bahati.

Shambulio moja huleta pointi sifuri, moja, mbili au tatu, na kwa kiwango chenu mtawanyiko wake ni takriban pointi moja. Bahati hujikusanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mashambulio. Namba 7 amecheza dakika 324, yaani mashambulio kama 1,134, ambayo kipeuo chake cha pili ni 34 hivi. Maana yake mchezaji wa kawaida kabisa, asiyeongeza wala kupunguza kitu, angeweza kutoka na +34 au −34 na tusishangae. Hiyo −14 ya namba 7 haisemi lolote. Futa. Wanaomsema vibaya kwa sababu yake wanamwonea.

Namba 12 amecheza dakika 180. Mashambulio 630, kipeuo 25. Yeye ana +61, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha bahati, na hapo mtu anaanza kukaa sawasawa kitini. Lakini angalia: una wachezaji 12, na wewe umemchagua huyu baada ya kuona matokeo. Ukirusha sarafu 12 mara nyingi, moja itajitokeza kama ina uchawi. Kwa hiyo sikumwamini bado. Nilikaa nikitafuta njia za kumkamata.

Njia ya kwanza: dakika za makombo. Mechi ikishaamuliwa, wapinzani wamewatoa wakubwa wao na watoto wanacheza kwa furaha, pointi zinaendelea kuandikwa kama kawaida. Na kweli, kwenye mechi zenu tatu za nyumbani mlizoshinda kwa mbali, namba 12 yumo katika sehemu kubwa ya robo ya nne, namba 7 yuko benchi akinywa maji. Dakika 22, +19. Nimezikata. Hakuna kanuni takatifu ya wapi makombo yanaanzia. Mimi nilitumia tofauti ya pointi 20 katika robo ya mwisho. Namba 12 akabaki na dakika 158 na +42.

Hapo hapo ikajitokeza kasoro nyingine, ya namba 7. Baada ya kukata makombo, muda wote wa msimu ambao namba 7 hayumo uwanjani ni dakika 14. Kumi na nne! Huyu ni samaki asiyetoka kitangani. Huwezi kuniuliza timu ikoje bila yeye, maana hujawahi kuiona timu bila yeye. Hata RAPM ya Marekani ingekaa kimya hapo, na kamba ya riji ingemrudisha kwenye sifuri si kwa sababu ni wa kawaida bali kwa sababu hakuna ushahidi.

Njia ya pili ndiyo niliyoitegemea zaidi. Nyinyi mkija Malindi au Kilifi mnavuka kwa mashua hadi Mokowe, mnakaa kwenye basi masaa, mnashuka miguu imekufa ganzi, mnacheza. Niliona kwamba namba 12 ugenini humchezeshi sana. Nikasema: nimempata, hizi zote ni pointi za nyumbani. Nikagawa daftari pande mbili. Nyumbani, makombo yakiwa yamekatwa: akiwemo dakika 118, +30, akiwa nje dakika 60, −11. Ukiweka kwa kipimo cha dakika 40, ni +10 akiwemo na −7 akiwa nje. Ugenini: akiwemo dakika 40, +12, akiwa nje dakika 120, −48. Kwa dakika 40 ni +12 na −16.

Pengo lipo nyumbani na lipo ugenini, na ugenini ni kubwa zaidi. Sikutegemea hivyo. Ule mtego wangu ulimwacha mzima.

Nikaweka mezani jedwali la wawili. Namba 7 na namba 12 wakiwa pamoja: dakika 150, +41. Namba 7 bila namba 12: dakika 174, −55. Angalia mwenyewe hapo, kocha. Mfungaji wako mwenye −14 ni watu wawili tofauti kulingana na aliye pembeni yake. Hii ndiyo kazi ya takwimu za juu kwa kifupi, na umeiona bila kompyuta.

Basi nikafika kwenye njia ya tatu, na hapa namba 12 hakutoka salama kabisa. Nilijiuliza: akitoka, anaingia nani? Katika zile dakika 180 ambazo hayumo, namba 9 yumo dakika 165. Na dakika ambazo namba 9 na namba 12 wamecheza pamoja msimu mzima ni sifuri. Kila mmoja akiingia mwenzake anatoka, kama jua na mwezi. Kwa hiyo pengo lile kubwa ni la nani? Huenda namba 12 ni hodari. Huenda namba 9 anazama. Huenda ni nusu kwa nusu. Daftari lako haliwezi kutofautisha, na haliwezi hata ukilipeleka kwa profesa. Kulinganisha akiwemo na akiwa nje siku zote hupima umbali baina ya mchezaji na anayemrithi. Mwenye mrithi mbovu huonekana mfalme. Kwenye NBA yametokea mara nyingi: mtu anaonekana nguzo ya timu kwa takwimu za namna hii, anauzwa, na huko alikokwenda, ambako wa akiba wake ni mzuri, nguzo haionekani.

Ukitaka kuweka kamba ya riji kwa mkono, iko njia ya mkato. Mpe kila mchezaji dakika 400 za kubuni zenye matokeo sifuri, kisha piga wastani. Namba 12: +42 kwa dakika 558, sawa na +3.0 kwa dakika 40. Namba 7: −14 kwa dakika 724, sawa na −0.8. Namba 9, ambaye ana −54 katika dakika zake 165, anakuwa −3.8. Mia nne si namba takatifu. Ukiweka 300 au 600 mpangilio utabaki ule ule, ila ukubwa utabadilika. Njia hii inapunguza bahati, haiwatenganishi wanaoingia na kutoka pamoja. Namba 12 na namba 9 wanabaki wamefungwa kwa kamba moja, mmoja juu mmoja chini.

Kuhusu vile vipimo vya simuni, nipite haraka. PER ya John Hollinger hukusanya pointi, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi za kufungisha) na vinginevyo kuwa namba moja, wastani wa ligi ukiwa 15. Kwenye ulinzi haioni karibu chochote, na humpenda anayerusha sana. BPM ya Daniel Myers ni bora: nayo hutumia karatasi ya matokeo, pamoja na matokeo ya timu nzima, lakini uzito wa kila kitu umetafutwa kwa kulinganishwa na RAPM ya miaka mingi. Kipimo chake ni pointi juu ya mchezaji wa wastani kwa kila mashambulio 100. Msimu wa 2021-22 Nikola Jokić alipata 13.7, na −2 ni kiwango cha mchezaji wa akiba anayepatikana popote. RPM ya ESPN, ya mwaka 2014, na EPM ya Taylor Snarr zilijengwa kwa kuchanganya mambo mawili: karatasi ya matokeo hutoa dhana ya kuanzia badala ya sifuri, kisha plasi-minasi huisogeza. RAPTOR ya tovuti ya FiveThirtyEight ya 2019 iliongeza na takwimu za kamera, ambazo NBA ilizifunga kwenye viwanja vyake vyote msimu wa 2013-14. Kama ungeniuliza juu ya NBA ningekwambia soma zile za mchanganyiko kwanza.

Kwako hazifai, kwa sababu mbili. Ule uzito wa ribaundi au stili (mpira ulioibwa) umejifunzwa kwa wanaume wa NBA, mechi za dakika 48, waliocheza ndani ya ukumbi. Ribaundi ya ligi yenu, ambako mipira mingi inakosa na ribaundi ziko tele, haina thamani ile ile. Na sababu kubwa zaidi: BPM ingempa namba 12 alama ya chini, maana anachofanya hakiandikwi. Karatasi inasema pointi 3, ribaundi 4, asisti 1. Ungerudi pale pale kwa wazazi wanaocheka.

Watu wa aina yake wapo hata kule juu. Shane Battier alipokuwa Houston Rockets alikuwa na namba za kawaida sana. Hakuruka sana, hakufunga sana, hakukusanya ribaundi za kutisha. Meneja Daryl Morey alimng'ang'ania kwa sababu timu ilikuwa bora akiwemo, na walipochunguza kwa nini, wakakuta vitu vidogo. Akimlinda Kobe Bryant hakujaribu kumzuia asirushe. Alimsukuma kwenye zile sehemu za uwanja ambako Kobe hukosa zaidi, na kuweka mkono mbele ya macho yake. Hakuna safu ya "alimfanya arushe vibaya" kwenye karatasi ya matokeo.

Hapo ndipo ningependa uende baada ya hesabu. Plasi-minasi inakwambia kuna kitu, haikwambii ni nini. Dean Oliver aliligawa swali la kushinda katika mambo manne: ubora wa kurusha, kupoteza mpira, ribaundi za kushambulia, na mitupo ya adhabu. Yaandike hayo manne, ya kwenu na ya wapinzani, kwa vipande ambavyo namba 12 yumo na ambavyo hayumo. Ubora wa kurusha upate hivi: vikapu vyote, ongeza nusu ya vikapu vya pointi tatu, gawa kwa mitupo yote, ya adhabu usiihesabu. Idadi ya mashambulio kama hutaki kuhesabu moja moja: mitupo yote isiyo ya adhabu, kutoa ribaundi za kushambulia, kuongeza mipira iliyopotezwa, kuongeza 0.44 mara mitupo ya adhabu. Ile 0.44 inatokana na kwamba mitupo ya adhabu si kila mara inakuja miwili miwili, kuna ule mmoja wa nyongeza baada ya kikapu na ile mitatu ya faulo nje ya mstari. Imepimwa kwa NBA, kwenu inaweza kuwa tofauti kidogo, kwa hiyo kijana wa mezani akiweza kuhesabu mashambulio kwa vistari, vistari vina heri.

Jihadhari na jambo moja katika hayo manne. Mitupo ya adhabu ya wapinzani, kuingia au kukosa, si kazi ya mlinzi yeyote wenu. Na mitupo yao ya pointi tatu, ya mbali mita 6.75, ni ya bahati zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Mlinzi anaweza kupunguza wingi wake. Asilimia inayoingia haimtii sana. Kwenye uwanja wa wazi kama wenu, kusi ikivuma, ndiyo kabisa. Nimeona kwenye daftari robo moja ambayo wapinzani walikosa mitupo yote saba ya pointi tatu huku namba 12 yumo. Zingeingia mbili tu, pointi 6 zingetoka kwenye +42 yake bila yeye kubadilisha hata hatua moja. Wachambuzi wa NBA husawazisha kwa kuweka wastani wa ligi mahali pa asilimia halisi ya wapinzani. Wewe ongeza safu ya upepo: upande wa kurushia na upepo unatoka wapi. Baada ya mapumziko mnabadilishana goli, kwa hiyo mechi nzima hujisawazisha, ila vipande vya dakika tano havijisawazishi.

Mimi ningebashiri, kwa kusoma mistari tu na bila kuwaona wakicheza, kwamba utakuta tofauti kubwa kwenye mipira mnayopoteza. Katika dakika za namba 7 bila namba 12 kuna mfululizo wa pointi mbili mbili za haraka za wapinzani, sekunde chache tu baina ya kikapu na kikapu. Hizo kwa kawaida ni layupu, vikapu vya karibu kabisa na goli, za mpira ulioibwa. Mfungaji akibanwa na walinzi wawili anahitaji mtu wa kumwekea skrini, yaani kumzibia mlinzi njia kwa mwili, na mtu wa kupokea katikati, na huenda ndiyo kazi anayoifanya namba 12 na hakuna anayeiona. Ni ubashiri tu. Mwangalie wewe, macho yako yapo uwanjani, yangu yako kwenye picha za karatasi.

Kwa wazazi, waonyeshe lile jedwali la wawili, +41 na −55, kwa sababu halimshushi mtoto wa mtu. Linasema namba 7 anang'aa zaidi akiwa na mwenzake, na hilo hata mama yake namba 7 atalipenda.

Kwa mechi nne zijazo, fanya hivi. Namba 12 aanze na namba 7. Kila mechi mpumzishe namba 7 dakika nne au tano katika robo ya pili, mechi ikiwa bado moto, namba 12 akibaki, ili tuanze kupata zile dakika ambazo hazipo. Namba 12 akitoka, mara moja aingie mtu mwingine asiye namba 9, hata kama ni mdogo kimo. Na zaidi ya yote waweke namba 9 na namba 12 uwanjani pamoja, hata kama itabidi umtoe mchezaji mmoja wa nyuma na kucheza na warefu watatu. Dakika sita kwa mechi zinatosha, baada ya mechi nne zitakuwa 24. Ni chache kuhukumu, lakini kwa sasa ziko sifuri, na baina ya sifuri na 24 kuna tofauti kubwa kuliko baina ya 24 na 100.

Namba 9 usimwonyeshe hesabu hizi. Katika dakika zake 165, nyingi zilichezwa ugenini, baada ya mashua na basi, na alikuwa anaingia kwenye tano iliyokwisha kuanza kuzama. Nikilipata daftari la hizo mechi nne, nitaanzia kwenye mistari yake yeye.